Kreni Ajifunza Kuinama

Miaka ishirini fundi mwashi yule alibeba mifuko miwili ya saruji kwa mpigo, mmoja kila bega, huku akipiga mluzi. Ndipo wenzake wakambandika jina la Kreni. Kisha siku moja akainama kuokota mwiko. Mwiko tu! Mgongo ukalia ka, Kreni akabaki amepinda kama ndoano, akarudishwa nyumbani nyuma ya pikapu, ubavuubavu, kati ya mabaki ya matofali.

Msimamizi wa ujenzi alimpa mwezi mmoja. "Ukirudi, uinue mfuko mmoja mbele ya macho yangu. Ukiguna tu, nakuhamishia getini ukaandike namba za magari."

Kreni aandike namba za magari! Heri angeambiwa atage mayai. Basi daktari alipomruhusu, akameza kiburi chake kikavukikavu, akaenda kwenye ukumbi wa mazoezi anakofundisha bintiye.

Binti alimpokea kwa heshima zote, akamkabidhi ufagio.

"Nimekuja kunyanyua vyuma, mama, sikuja kufagia."

"Ndio chuma chako cha wiki hii, baba. Ushike mpini kwa mikono miwili. Sasa sukuma nyonga nyuma, kama mtu anayefunga mlango huku mikono imejaa mizigo. Kifua mbele. Mgongo usikunjike."

Pembeni yao mwalimu mstaafu, bibi wa wajukuu sita, alikuwa akiinua chuma chenye sahani nene za uzito kila upande. Alikitua taratibu, akajifuta jasho.

"Vipi, fundi, ufagio mzito?"

"Hapana, mama. Naupima urefu."

Siku ya tatu simu ya binti ikalia, akatoka nje. Kreni akatupa jicho huku na huku, akauegemeza ufagio ukutani, akakiendea chuma cha mwalimu. Akakivamia kwa mtindo wake wa siku zote: miguu imekakamaa, mgongo umebinuka, mvuto mmoja wa hasira. Chuma kikaenda mbele, mgongo ukakataa kufuata. Binti aliporudi, alimkuta baba yake ameganda, pua inaelekea sakafuni.

"Baba, unatafuta nini hapo chini?"

"Kifungo."

"Fulana haina vifungo, baba."

"Ndiyo maana sikioni."

Binti hakugomba. Alimlaza chali mpaka maumivu yakalegea, kisha akamchomoa mfukoni timazi lake, ile kamba yenye uzito wa risasi nchani ambayo mwashi huyu hakuiacha hata akienda harusini. Akaitundika mbele yake.

"Ukuta ukitoka nje ya uzi huu kwa upana wa kidole, unaufanyaje?"

"Naubomoa."

"Na mzigo je? Chuma kinatakiwa kupanda na kushuka kikifuata uzi, kikiambaa miguu. Kikitoka mbele, ujue mgongo ndio unaobeba na miguu imekaa bure."

Kreni akaufuata uzi kwa kidole, juu mpaka chini. Watu wengi walishamwambia ajihadhari, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwa lugha ya ukuta. Tangu hapo akaelewa mno, mpaka akawa kero kwa mwalimu.

"Mama, umetoka nje ya uzi kwa nusu kidole!"

"Fundi," mwalimu akamjibu, "rudi kwenye ufagio wako."

Mwezi ulipotimia, mafundi wote kule kwenye ujenzi walisimamisha kazi, msimamizi akiwa mbele yao. Kreni akapanga miguu, akasukuma nyonga nyuma, akaukumbatia mfuko, akavuta pumzi, akaisukuma ardhi kwa visigino. Mfuko ukapanda wima. Hakuguna.

"Wa pili! Wa pili!" wakapiga kelele.

Mabega yakamwasha kwa tamaa. Lakini timazi likamgonga paja mfukoni, naye akautua mfuko polepole, kama mtoto aliyelala.

"Mmoja mmoja, mkuu."

"Umezeeka, Kreni!" Msimamizi akakunja mikono ya shati. "Sogea uone wanaume."

Akauvamia mfuko, miguu imekakamaa, mgongo umebinuka.

Ka.

Kreni akachutama kando yake, mgongo umenyooka kama ukuta mpya.

"Unatafuta nini hapo chini, mkuu?"

"Kalamu," msimamizi akanong'ona.

"Umeichomeka sikioni."

"Kazi ni yako, Kreni. Niinue, basi!"

"Tulia, mkuu," akasema Kreni, akisimama. "Kwanza nipange miguu."