Kisima Chenye Kufuli

Mwanawema Hamad alikwenda Micheweni kwa utafiti wake wa shahada ya pili. Alitaka kujua kama kampuni inayoifanyia jamii hisani hunufaika kibiashara. Kampuni aliyoichagua ilinunua mwani, na ilikuwa imewachimbia kisima wanawake wanaoulima. Ndiyo pia iliyogharamia utafiti wake, jambo ambalo wakati ule halikumsumbua. Alifikia kwa mama yake mdogo, Bi Mwatima, naye mkulima wa mwani.

Asubuhi moja, wakianika mwani, alimuuliza kwa nini hawamuuzii Nyange, mnunuzi wa Konde aliyekuwa na bei nzuri zaidi.

"Twaona haya," Bi Mwatima akasema. "Maji yao ndiyo tunayopikia. Mwani nimpe mtu mwengine, kesho nende kisimani kwa uso gani?"

Wenzake walisema vivyo hivyo. Mwanawema akaandika kwamba fadhila ya kisima iliwafunga wauzaji kuliko bei. Chuoni alisifiwa. Silima, meneja wa kampuni, alimpigia simu kumshukuru, na siku ile Mwanawema alijiona mtu.

Aliporudi mwaka uliofuata alikuta kisima kimezungushiwa mabati, mlango una kufuli. Walioruhusiwa kuchota ni wale tu wanaoiuzia kampuni, na bei ya mwani ilikuwa imeshushwa. Akaenda ofisini bila hata kutua begi.

"Mbona wastaajabu?" Silima akamuuliza. "Si wewe uliyetwambia kisima kina nguvu kuliko bei? Tumeyafuata maneno yako."

"Sikusema mkifunge!"

"Hukusema. Lakini biashara ni biashara, dada."

Mwanawema alitoka. Njiani akakutana na Bi Mwatima, ndoo kichwani, akitoka kwenye shimo la zamani majabalini, ambako maji yalikuwa ya chumvi.

"Kwani wewe huwauzii tena?"

"Sote hatuwauzii tena. Haya ilikuwa yetu wenyewe, mwanangu. Walipotutilia kufuli, ikatutoka." Akaiweka sawa ndoo. "Na mie nilikwambia weye. Sikukutuma kwao."

Mwanawema alitaka kumpokea ndoo, Bi Mwatima akaikamata kwa mikono miwili na kuendelea na safari yake.

Ghala la kampuni likabaki tupu. Silima akampigia tena, sauti sasa ya kubembeleza: awaulize wanawake wanataka nini, yeye watamwambia. Mwanawema alikataa malipo yake, lakini akaenda, akiamini bado anaweza kuokoa jambo.

Kila nyumba alikaribishwa. Bi Jaribu alimtandikia mkeka, akamuuliza hali ya mama yake, akamtilia chai. Alipogusia kisima tu, Bi Jaribu akasema, "Alhamdulillahi, tu wazima." Nyumba iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na nyingine, na nyingine. Hakuna aliyemtukana. Afadhali angetukanwa.

Kwa Bi Mwatima alikuta wali umekwisha pakuliwa.

"Mama, niambie japo wewe. Wakiondoa kufuli, mtarudi?"

"Kula, mwanangu. Chakula chapoa."

Alikula. Wali ulikuwa wa chumvi kupita kiasi, na hapana aliyeitaja chumvi hiyo.

Kabla ya mwezi wa Ramadhani kampuni ilihamisha mizani yake, ikaondoka Micheweni. Mabati yaliachwa yamesimama, na mwenye ufunguo hakujulikana ni nani.