Hii Si Ile

Mama alikuwa na mtindo wa kufa mbele ya wateja. Mtu amesimama katikati ya chumba chetu cha kushonea, mikono juu, anapimwa kifua, mara Mama anaachia futi, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa. Kisha anasema, "Wanangu, nakufa. Hii si ile. Ya leo ni ya kweli."

Kila mara alisema hivyo hivyo. Mimi na mdogo wangu, anayetengeneza makochi chumba cha pili, tulimbeba juu juu tukamkimbiza hospitali, wakampima moyo, wakaukuta mzima, tukarudishwa. Wauguzi wa chumba cha dharura walimzoea mpaka wakampa jina, Shangazi Nakufa. Nilichukia kulisikia midomoni mwao, ingawa nyumbani tulilitumia wenyewe. Chai ikimuunguza mdogo wangu, alishika kifua na kupiga kelele, "Hii si ile!" Mama alicheka kutuzidi sote. Kesho yake anashikwa tena, na hakuna wa kucheka.

Tuliambiwa ni ugonjwa wa hofu ya ghafla. Vidonge vilimlevya hata akamshonea mteja shati la mkono mmoja mrefu na mwingine mfupi, basi akavitupa. Akaacha kwenda sokoni kuchagua vitambaa. Akaacha harusi, akaacha misiba. Mwisho akaacha na mkasi, kwa sababu mikono ilitetemeka, na kitambaa kikishakatwa vibaya hakirudi. Nikawa nakata mimi, yeye amekaa kitini ananiangalia kama mgeni kwenye chumba chake. Sikutaka muujiza. Nilitaka mama yangu arudi kwenye meza yake ya kukatia, basi.

Ndipo tukasikia kuna kliniki wanakotibu kichwa kwa mapigo ya sumaku. Mtaalamu wa ile mashine alikuwa dada wa sauti ya chini, na hakutudanganya. "Kwa ugonjwa huu bado tunajifunza," alisema. "Wengine wanapata nafuu, wengine hawapati."

Akamwambia Mama avue kila chenye chuma. Hereni zikatoka, vibanio vya nywele vikatoka. Kisha zikaanza pini. Mama, kama mafundi wengi, akiwa kazini pini alizichomeka kifuani kwenye gauni, nyingine akazibana kwa meno, na jioni alizisahau.

"Mama, umekuja na duka zima?" dada akamuuliza.

"Bado kabati," Mama akajibu, akachomoa nyingine.

Dada alimwekea kitu kama mpini mnene wenye vitanzi viwili kichwani, akawa anakisogeza taratibu kutafuta mahali pake. Mara kidole gumba cha Mama kikaruka chenyewe. Mama akakikazia macho. "We, nani kakuita?" Nilicheka mpaka nikatolewa nje. Kupitia mlangoni nilisikia mashine ikigonga, ta-ta-ta-ta, kimya, ta-ta-ta-ta. Alipotoka akasema, "Cherehani yao inakimbia vizuri, tatizo hawajatia uzi."

Dada alitufundisha pia cha kufanya nyumbani. Hofu ikija, tusikimbie wala tusipige kelele. Tukae naye, tuiache ipite. "Lakini maumivu yakienda kwenye taya au mkono wa kushoto, huo huenda ni moyo, msisubiri. Mpelekeni hospitali hapo hapo."

"Mwanangu, mimi ni wa shoto," Mama akamwambia. "Huu mkono unauma tangu hujazaliwa."

"Hata hivyo, Mama."

"Haya," tukaitikia wote watatu.

Na kweli alipata nafuu, pole pole. Hofu ilikuja kwa nadra, ikaja kwa muda mfupi. Alikuwa anasema, "Huyo anakuja, mwacheni apite," huku mguu unaendelea kukanyaga cherehani. Siku moja alikwenda sokoni peke yake, akarudi na kitambaa cha rangi mbaya kuliko zote nilizowahi kuona. Nilikikumbatia nikalia. Wiki iliyofuata alishika mkasi.

Siku yenyewe tulikuwa na mapazia ya hoteli, kitambaa kizito kama turubai. Mama alikikata tangu asubuhi, pini mdomoni. Baada ya chakula cha mchana aliweka mkasi chini, jasho linamtiririka, uso umempauka. Nikainuka.

"Kaa," akasema.

"Mama, twende hospitali."

"Kufanya nini? Ni ile ile. Itapita."

"Unaumwa wapi?"

"Taya, nimebana pini kutwa. Na mkono, si unaona kitambaa chenyewe? Ningekuwa nakufa ningekwambia. Hunijui?"

Mdogo wangu akachungulia mlangoni, nyundo mkononi. "Kwani Shangazi Nakufa kastaafu?"

Mama akamwinulia kidole gumba. Nilifurahi, sifichi. Miaka yote alisema hii si ile, na siku hiyo kwa kinywa chake mwenyewe alisema ni ile ile, nami nikaona amepona sasa, mama yangu amerudi. Nikakaa naye kama tulivyofundishwa. Akalaza kichwa juu ya pazia. Upande wa pili mdogo wangu alikuwa anapigilia kochi. Nilimuuliza Mama tutumie uzi gani, nikamuuliza tena.

Tulipomfikisha chumba cha dharura, alikuwepo muuguzi mmoja wa wale waliompa jina. Hakutania. Alipoanza kumkandamiza kifua, aliruka akitazama kiganja chake, damu inatoka. "Kuna pini," akasema. Nikapiga magoti nikazichomoa huku yeye anaendelea kukandamiza, na kila nikidhani zimekwisha naona nyingine. Sina ugomvi na ile sumaku wala na yule dada, kila mmoja alifanya kazi yake. Lakini zile pini nilizitukana, moja moja.

Walipoacha, daktari akauliza maumivu yalianza lini. Nikamwambia. Yule muuguzi akageuka akatutazama, kiganja kimefungwa pamba.

"Zamani mlikuwa mnamleta mbio hata kwa kwikwi," akasema. "Leo mmengoja nini?"

Mdogo wangu ndiye aliyejibu, nyundo bado anayo mkononi.

"Alikuwa amepona."