Poda Juu ya Begi la Baba

Doa lilikuwa na umbo la sikio, na lilizidi kutanuka tukiliangalia. Baba alikuwa ameliweka begi lake la ngozi juu ya meza ya chakula ili alifunge, asione kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa yamemwagika pale pale. Nguo zake zilikuwa ndani tayari.

Nilikuwa nyumbani kwa likizo. Nikakimbilia kitambaa chenye maji, mama akanichapa mkononi.

"Maji? Unataka mafuta yazame? Huko chuoni mnafundishwa nini, jamani?"

Mama alifanya kazi kwa dobi, upande wa vitu visivyofuliwa: makoti, viatu, mikoba ya watu. Alilikausha doa kwa kitambaa kikavu, akiligusa tu bila kusugua, kisha akamwambia baba atoe nguo zake. Baba akazitoa. Mama akaligeuza begi, doa likawa juu, akamwaga poda ya mtoto hadi sikio likafunikwa lote.

"Inachukua muda gani?" baba akauliza.

"Lazima ilale."

"Mama watoto, mimi naondoka leo."

"Ondoka. Ila hutoki kwangu na begi lenye doa. Watu hawatakusema wewe, watanisema mimi."

Jumapili iliyotangulia, mbele ya madereva wa magari ya mikate, wenzake baba kazini, mama alikuwa amesema kwamba kuishi na baba ni kama kuishi na mpangaji: anakula, analala, anaaga. Wageni walicheka. Baba naye alicheka. Walipoondoka akasema, "Basi mpangaji anahama," na tangu hapo hakugomba hata kidogo. Alikunja mashati tu, taratibu, kola juu ya kola. Ndicho kilichonitisha.

Hakuondoka siku ile. Kesho yake asubuhi niliamka kabla yao, nikapuliza poda pembeni kwa woga, kama mtu anayefunua uso wa mgonjwa. Doa halikuwepo. Ngozi ilikuwa kavu, rangi moja. Nilikuwa bado nimeinama mama alipoingia. Alitazama, akanitazama, akachukua kopo na kumwaga poda nyingine.

"Bado," alimwambia baba alipotokea.

Mama mdogo alipita mchana, akasimama mlangoni, mkono kiunoni. "Mbona mmelipaka unga hilo begi? Mnataka kulikaanga?"

Baba alicheka, kisha akajikaza, kama aliyekumbuka kwamba hayumo katika familia hii.

Siku hizi watu huniambia kwamba wazazi wangu ni watu wenye masikilizano. Nawaacha waamini. Wala si uongo.

Jioni ile nilimkuta baba peke yake mezani. Alikuwa ameifuta poda yote kwa brashi laini ya viatu, na alikuwa akipitisha kidole gumba pale palipokuwa na doa, huku na huku, huku na huku. Mashati yalikuwa kitini, yamekunjwa. Nilitaka kurudi nyuma, lakini alikwisha kuniona.

"Hebu njoo. Macho yako ni mazuri kuliko yangu. Unaonaje?"

Mimi si mtu wa maneno. Darasani, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, naangalia viatu vyangu. Niliinama juu ya begi lile safi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, nikisikia mama jikoni ameacha kuosha vyombo.

"Bado, baba," nikasema.

Alifunga zipu, akaifungua.

"Hata mimi naona bado," akasema, na akanyoosha mkono apewe kopo.

Mashati yalirudi kabatini moja moja, kila moja likishavaliwa na kufuliwa. Begi tuliliacha pale pale mezani, na poda yake. Likizo yote tulikula chakula jikoni, wote watatu kwenye benchi moja, baba akilalamika kwamba kiwiko cha mama kinamnyima nafasi.