Kivuli Kisichotiwa Nyeusi

"Umemchora maiti! Mwanangu nimemzika mara moja, Fundi, hunizikii mara ya pili!"

Mama Cherehani aliishika picha kwa ncha za vidole kama nguo iliyoungua pasi. Jirani yake wa ukuta mmoja, Fundi Rangi, alisimama mlangoni pake, brashi mkononi. Mimi nilikuwa naanua nguo. Zilishakauka zamani, lakini nani angeingia ndani mambo yakiwa moto vile?

"Dada, nimefuata picha uliyonipa."

"Niliyokupa ni fotokopi ya kitambulisho! Ndiyo pekee niliyobaki nayo. Nilikuomba umrudishie rangi, si umnyonye hata kile kidogo alichobaki nacho!"

Nikasogea. Kweli, pua ilikuwa ya binti yule yule, lakini mashavu yalikuwa ya majivu, na chini ya kidevu peusi kama kitako cha sufuria. Binti aliyekuwa akicheka, sisi wa chumba cha mwisho tunacheka naye bila kujua sababu!

"Hicho kivuli umekipataje?" nikauliza.

"Nimetia nyeusi."

Miaka ishirini Fundi anapaka nyumba za watu. Mteja akitaka ukuta ukolee, anadondoshea nyeusi kwenye kopo, anakoroga, basi. Uchoraji ameuanza juzijuzi, darasa la Jumamosi, akabandika mlangoni duara la rangi analoliita gurudumu. "Nyekundu, njano na buluu ndizo mama," alitutangazia, "nyingine zote zimezaliwa humo." Tulimcheka wiki nzima.

Mama Cherehani akaketi kizingitini. Sauti ikamshuka.

"Kuna asubuhi naamka simwoni. Gauni naliona, viatu naviona, uso hauji. Nilitaka kitu cha kunishikia uso wake kabla haujaniponyoka. Sasa nikifumba macho naona hiki."

Fundi aliitazama brashi yake kama imemsaliti.

Halafu Mama Cherehani akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu cha vipande vya vitambaa. Akanishika kidevu.

"Wewe mmbea, simama juani."

Akaniwekea kipande cheusi chini ya taya. "Ona, shimo hilo." Akakitupa, akaweka cha rangi ya damu ya mzee. "Na hapa?"

"Hapo kimetulia," Fundi akasema polepole.

"Nikishona kitambaa cha kahawia sitii uzi mweusi, unaonekana kama kovu. Huko darasani mnafundishwa nini?"

Fundi akajipiga paji la uso. "Mwalimu alisema! Rangi zinazotazamana kwenye gurudumu. Chungwa inatazamana na buluu. Ukizichanganya zinapunguzana makali, unapata kahawia. Ukizidisha buluu kidogo, ndiyo kivuli. Nyeusi hata huigusi! Nami nikaona ni maneno ya darasani tu."

Akaanza pale pale, akichanganyia kwenye sahani iliyovunjika. Mama Cherehani hakubanduka begani pake.

"Ongeza chungwa. We, we! Hapo umemtia homa. Rudisha buluu."

"Hivi?"

"Kidogo tena. Na hicho kijivu cha nyuma kitoe, kinampoozesha. Weka njano, iliyofifia."

Jua lilihama ukuta mzima. Fundi akaweka brashi chini, akajifuta jasho, akajipaka buluu puani. Hakuna aliyecheka.

Mama Cherehani alitazama mpaka miguu ikaniuma mimi.

"Mdomo si wake," akasema.

"Si wake, dada. Nakiri."

"Macho nayo bado." Akanyoosha mkono, ukaishia hewani, maana rangi ilikuwa mbichi. "Lakini shavu… shavu ni lake."

Tangu msiba alikuwa akila peke yake, mlango kaurudishia, nasi tukipita kwa kunyata. Sasa aliusukuma ukafunguka wote, akaiegemeza picha kwenye cherehani, akajifuta macho kwa kipande cha damu ya mzee.

"Fundi, kanawe. Sitaki buluu kwenye chakula changu. Na wewe, hizo nguo zimekauka tangu saa nne. Ingieni tule."