Zamu ya Hiza

Usiku wa jana niliota, na kabla sijafika mbali niseme jambo moja: hakuna anayemwamini mwenzake kama mimi ninavyomwamini Hiza. Shuleni tulilala dabodeka moja miaka minne, yeye chini mimi juu, na sasa tuko wote kwenye timu ya gofu ya wahitimu wa Mlimatatu. Watu wawili, mpira mmoja, mnapiga kwa zamu.

Kwenye ndoto tumefika nusu fainali ya mtoano na uwanja umehamia ndani ya bwalo la shule. Hakuna anayeshangaa. Refa ni ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu. Leo imevaa tai.

"Atakayeshindwa anatolewa," inasema.

Nikauliza anatolewa wapi. Ikanijibu bila kunitazama kwamba anatolewa shuleni, kuanzia siku aliyoripoti kidato cha kwanza. Kweli, timu tuliyoifunga robo fainali ilikuwa imekaa mlangoni, watu wazima na vitambi vyao, wanaulizana walisoma wapi.

Tuko sare, shimo la mwisho. Hiza anapiga. Mpira unatua kwenye sufuria la maharage, na sheria ya gofu haina huruma: unapigwa pale ulipo. Nikapanda mezani, nikazamisha fimbo kwenye mchuzi. Mpira ukatoka ukilalamika kwamba hakuna chumvi, ukabingirika mpaka shubiri moja kutoka shimoni.

Ukiingia huu, tumeshinda. Zamu ya Hiza.

Anafuta miwani. Anaifuta tena. Mikono inamtetemeka kama siku ile alipopewa kusoma taarifa ya habari paredi.

"Kaa tu, mwanangu," nikamwambia. "Huu namaliza mimi."

Nikausukuma. Ukaingia.

Rimu ikalia. "Shimo wamelishinda wapinzani. Umepiga mara mbili. Ilikuwa zamu yake."

Nikabisha kwamba nimemsaidia tu, mtu mwenyewe anatetemeka vile. Mpira ukachungulia kutoka shimoni.

"Huwa anatetemeka," ukasema. "Halafu anatia."

Hiza hakukasirika, na hicho ndicho kilichoniuma. Majina yetu tuliyochonga mezani yakaanza kufutika, herufi moja moja, la kwake na la kwangu. Akanitazama kwa adabu, kama mtu uliyekutana naye foleni ya benki.

"Samahani kaka, tunafahamiana?"

Nikaamka nimekaa kitandani, jasho limenilowesha.

Kulipokucha Hiza akabisha hodi. Alikuja kunichukua, maana nusu fainali yenyewe ni leo. Nikampokea kwa bashasha, nikamwambia nimelala kama gogo, sijaota chochote, na kwamba leo zamu yake ikifika sitasogea hata hatua, mimi si ninamwamini.

Alikuwa ameinamia mfuko wangu wa fimbo, anabandua kitu kwa ukucha. Akaniwekea kiganjani. Punje ya harage, bado ina joto.

"Ilikuwa zamu yangu," akasema.