Wito Kwenye Mlango wa Komeo

Kupeleka samansi kwa mtu asiyejulikana aliko ni kazi ya kuchosha roho. Tarishi wa mahakama alizunguka mtaa mzima akimuulizia seremala waliyemwita Komeo, aliyechukua mbao za watu kwa mkopo kisha akayeyuka. Karakana yake ilikuwa saluni sasa.

Alimkuta mama wa seremala huyo kibarazani akichambua mchele.

"Shikamoo, mama. Namtafuta mwanao."

"Marahaba, baba. Katoka kidogo, kafuata mbao."

"Tangu lini?"

Mama akainamia ungo. "Atarudi tu."

Jirani aliyekuwa akianika nguo alimkonyeza tarishi amwache. Kwa miaka sasa mama yule alikuwa akisema hivyohivyo, na mtaa ulishazoea kumjibu, "Akirudi msalimie." Tarishi alimwonea uchungu, lakini kazi ni kazi. Mtu akikosekana, wito hubandikwa kwenye mlango wa nyumba aliyoishi mara ya mwisho. Akatoa gundi.

"Mlango huo kaupiga randa mwenyewe," mama akaja juu. "Usinichafulie!"

Tarishi akamweleza taratibu kwamba karatasi inamtaka mwanawe afike mahakamani Jumatatu, bila kukosa.

"Bila kukosa? Imeandikwa hivyo?"

"Imeandikwa, mama."

"Basi bandika. Mimi nimemwita mpaka nimechoka. Serikali ikimwita, atakuja."

Akaingia ndani, akarudi na kitambaa kibichi, akaufuta mlango vumbi kwa mkono wake ili karatasi ishike.

Jumatatu, milango ya mahakama haijafunguliwa, mama alikuwa keshafika. Alikaa kwenye benchi la ukumbini, kajitanda khanga mpya, mapajani kaweka shati la kiume lililopigwa pasi likanyooka. Tarishi alipomwona aligeuza uso, maana mwita kesi ni yeye huyohuyo. Angemwambia, mama, watu wa namna hii huwa hawaji. Hakuwa na ubavu huo.

Kesi ikafikiwa. Tarishi akasimama mlangoni, akaliita jina kamili la seremala, lake na la baba yake. Mama akanyoosha shingo kuelekea ngazi. Tarishi akaita tena. Waliopanda ngazi walikuwa wawili, mwanamke na karani mmoja aliyechelewa kazini. Mara ya tatu sauti ya kikazi ilimtoroka tarishi, akaita kama mtu anayemwita mtoto aingie ndani, mvua inakuja.

Hakuna mwingine aliyepanda ngazi.

Mdai, mwenye mbao zake, alishasimama na risiti mkononi. Hakimu akainua macho. "Mdaiwa yupo?"

Kujibu ilikuwa kazi ya tarishi. Akainama kutazama viatu vyake. Nyuma yake mama akainuka, shati mkononi.

"Hayupo, mheshimiwa," alisema. "Mwanangu hayupo."

Hakimu akaandika. Mama akaketi, akalikumbatia lile shati, na kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aondoke, akalia mbele za watu.