Imekaa, Haijakaza

Spoku ya kumi na moja iligoma. Fundi aliizungusha robo mzunguko, akalisukuma gurudumu kwa kidole, akainama mpaka jicho lake likawa sawa na rimu. Lilikuwa bado linayumba, upana wa ukucha tu. Lakini kwenye njia ya changarawe upana wa ukucha unatosha kumlaza mtu chali. Alibandika kipande cha utepe mweupe kwenye spoku ile ili asipotee alipofikia, akanyoosha mgongo.

Wateja walimwita Taratibu. Walioleta baiskeli asubuhi wakitaka kuzichukua mchana ndio waliompa jina hilo, na hawakumpa kwa kumsifu. Yeye hakulikataa. Ufundi hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha, na kila alipoharibu alijiwekea kanuni moja ndogo. Kongwe kuliko zote ilikuwa ya skrubu: kwanza zote zikae, ndipo zote zikazwe. Kukaa ni kwa vidole, kila skrubu kwenye tundu lake, kitu kijipange chenyewe. Kukaza ni kwa ufunguo, kidogo kidogo, kwa mshazari. Kati ya mambo hayo mawili alipenda kupitisha kikombe cha chai.

Ni hicho kikombe alichokuwa akikitafuta kwa macho alipoona ndoano ya tatu ukutani iko tupu.

"Mama watoto," aliita, "ile ya shemeji iko wapi?"

Mkewe alikuwa mbele, dukani, akipanga tyubu kwenye rafu. "Si ameichukua? Dakika ishirini sasa. Kaingia na helmeti kichwani, hata salamu kaitupa nusu."

"Nani kamwambia iko tayari?"

"Wewe." Mkewe alisogea mlangoni, tyubu mkononi. "Ulikuwa unajaza upepo, hiyo mashine yako inanguruma. Nikakuuliza, ya shemeji yako imekaza? Ukajibu imekaza."

"Nilisema imekaa."

Mkewe alilirudia neno polepole, kama mtu anayeonja maziwa akishuku yamechacha. "Imekaa."

Herufi moja, na ngurumo ya mashine ndiyo iliyoichomeka.

Hakukuwa na haja ya kumweleza zaidi. Asubuhi ile alikuwa amembadilishia mdogo wa mkewe usukani, ule wenye pembe kama za kondoo dume, akamwekea mwembamba zaidi ili bega lisichoke. Skrubu nne ndizo zinazoubana usukani kwenye shingo yake, na zote nne zilikuwa zimekaa kwa vidole tu. Kwenye tambarare mtu asingegundua. Ila kwenye mteremko, uzito wote wa mwili ukishukia mikononi, usukani ungejiviringisha mbele kama mpini wa pampu, na aliyeushika angeufuata. Shemeji alishavunja mtulinga, mfupa wa juu ya bega, kwenye msitu anakoendeshea, miezi mitano iliyopita. Daktari alimfunga bamba la chuma, akamwambia wazi kwamba ukivunjika tena mahali pale mkono hautarudi kuwa mkono. Leo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka.

Mkewe alikuwa ameshabonyeza simu. Ikaita ndani ya droo ya kaunta.

"Kaiacha," alisema. "Simu ya kwanza si aliilalia alipoanguka?"

"Atapita wapi?"

"Kulekule kwake. Barabara ya changarawe, anapanda msituni, gogo, Ngazi, daraja, anarudi kwa njia ya mto."

Ngazi ni mteremko uliokatwa na mizizi, mmoja baada ya mwingine, kutoka kwenye gogo lililoanguka mpaka chini mtoni. Fundi alipiga hesabu kwa vidole. Shemeji alihitaji dakika arobaini kufika kwenye gogo, na ishirini zilishakwenda. Kumfuata kwa nyuma kungekuwa kukimbiza kivuli. Lakini ukiuzunguka mzunguko kinyume, kwa njia ya mto, ni robo saa mpaka darajani, kisha unapanda Ngazi kwa miguu. Kwenye gogo kila mtu hushuka kuivusha baiskeli. Amkute hapo.

Mkewe hakuwahi hata siku moja kumwita kwa jina la wateja. "Taratibu," alisema, "leo lisahau jina lako."

Fundi alichomoa ufunguo ubaoni, akautia mfukoni, akapanda baiskeli yake ya zamani.

Njia ya mto ilianza vizuri, changarawe ndogo kama choroko, kisha ikawa matope yenye alama za magurudumu ya jana. Matete yalimchapa mikono. Mto ulikuwa kushotoni, umejaa, na sauti yake ilifunika kila kitu, hata pumzi yake. Kila mzizi uliporusha gurudumu la mbele aliufikiria mzizi wa aina ile kule juu, na skrubu nne zikijifungua unywele kwa unywele. Magoti yalianza kumlalamikia. Aliyaacha yalalamike. Mwaka mzima hakuwa ameendesha hivi, na mara mbili nusura aingie majini.

Darajani aliitupa baiskeli kwenye nyasi, akaanza kupanda akishika mizizi.

Alikuwa hajafika hata nusu aliposikia mlio. Trrrr, mwembamba, mkavu, kama wa mdudu. Gurudumu la nyuma lisilokanyagwa. Aliujua, yeye mwenyewe ndiye aliyekipaka grisi kitovu cha gurudumu lile. Shemeji alishalivuka gogo. Alikuwa anashuka.

Mdomo wake ulifunguka kusema simama, akaufunga. Akisikia simama atabana breki, na breki ndiyo ingeutupa uzito wote mbele. Neno ambalo kila mtu angelipigia kelele ndilo lingemwangusha. Alitafuta jingine, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kutafuta maneno haraka, aliona helmeti ya njano ikitokea kati ya miti kabla hajalipata.

"Shemeji! Kaa!"

Helmeti iliinuka.

"Kaa nyuma! Usibane breki! Mikono katikati! Panda ukingoni!"

Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Huenda hilo ndilo lililomfanya shemeji asiulize. Alirudisha makalio nyuma mpaka nje ya kiti, akavuta mikono katikati ya usukani, akaliingiza gurudumu kwenye ukingo uliopanda kulia. Baiskeli ilizama kwenye majani, ikapunguza, ikasimama, na mwenyewe akaanguka kiubavu polepole kama gunia lililochoka kusimama.

Fundi alimfikia akitambaa zaidi ya kutembea.

"Bega?"

"Bega lipo." Shemeji alikaa, akajipapasa. "Makalio ndiyo yanalia. Kuna nini, shemeji? Dada mzima?"

Fundi aliisimamisha baiskeli, akaweka kidole kimoja kwenye pembe ya usukani, akabonyeza. Usukani uliinama mpaka chini bila ubishi wowote, kama mtu anayeitikia.

Shemeji aliutazama, kisha akaitazama mizizi iliyokuwa imebaki mbele yake. Uso ulimbadilika.

"Nilisikia kitu kinacheza pale kwenye gogo," alisema baadaye. "Nikasema ni hili bega limezoea uvivu."

Fundi alitoa ufunguo mfukoni, akauingiza kwenye skrubu ya kwanza. Haukuingia. Akaugeuza, akasoma namba yake. Tano. Skrubu zilitaka nne.

"Usiniambie," alisema shemeji.

"Nilikuwa na haraka."

"Taratibu ana haraka! Taratibu kakosa namba!" Alicheka mpaka akalazimika kujishika mtulinga, na machozi yakamtoka, na fundi hakuwa na hakika kama yote yalikuwa ya kicheko. Wakashuka kwa miguu, kila mmoja na baiskeli yake kuanzia darajani, hakuna aliyethubutu kupanda.

Mkewe alikuwa amesimama nje ya duka. Alimpapasa mdogo wake bega, upande mmoja, upande wa pili, kisha akampiga kofi jepesi la mgongoni.

"Sasa kosa la nani?" aliuliza walipokaa.

Fundi aliyapima makosa moja moja. Mashine ilikuwa yake, sikio la mkewe, pupa ya shemeji. "Nililiacha neno moja karibu mno na jingine," alisema mwishowe.

"Haya, hukumu baadaye," alisema shemeji. "Nikazie. Dakika mbili tu, kesho asubuhi nataka nirudi."

Fundi alichukua ufunguo sahihi ubaoni, akasoma namba yake mara mbili, akauelekeza kwenye skrubu. Ncha iligonga pembeni mwa tundu. Ikagonga tena. Ta, ta, ta. Aliutazama mkono wake kama kitu kilicholetwa na mteja kutengenezwa, akauweka ufunguo chini.

"Kesho."

"Shemeji! Dakika mbili!"

"Mkono unaotetemeka haujui umekaza kiasi gani. Kesho, baada ya chai, nitakaza mbele yako."

Akaitundika baiskeli kwenye ndoano ya tatu, akaufunga usukani kwa utepe mweupe mizunguko mitatu, mtu asije akajidanganya. Kisha akalisukuma lile gurudumu la mchana. Liliyumba vilevile, upana wa ukucha, kwenye spoku ya kumi na moja.

"Kuanzia kesho," alisema mkewe akifunga dirisha, "ikikaa, useme bado."

"Na ikikaza?"

"Ikikaza usiseme kitu. Zima hiyo mashine, uje mbele uniambie."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, akaliacha gurudumu lizunguke mpaka lisimame lenyewe.